Sehemu Tano za Maji

Jumanne moja ya mwaka 1993, saa nne asubuhi, Revelian alichutama nyuma ya nyumba yake Mbagala, akatumbukiza kipimo cha kioo ndani ya gongo, pombe haramu ya kupika nyumbani, iliyokuwa bado vuguvugu. Kipimo kilielea, kikatulia kwenye arobaini na tano: sehemu arobaini na tano za spiriti katika mia, zilizobaki maji. Aliisoma namba hiyo mara mbili, kisha akamwambia mkewe kwamba kwa mnywaji ingetosha kabisa, lakini kwa injini ilikuwa nusu tu ya safari. Felicitas alipangusa mikono kwenye kanga, akaimimina tena ndani ya pipa la kupikia.

Injini yenyewe ilikuwa ya Datsun ya mashindano, mali ya Bwana Kasiani. Bwana huyu aliwahi kuwa meneja wa shirika la umma la usafirishaji, ambako Revelian alifanya kazi ya ufundi kwa miaka kumi na minne. Shirika lilipouzwa, Bwana Kasiani alisaini barua za kuwapunguza mafundi, kisha akainunua karakana yao. Sasa alitaka kushinda mbio za Pugu, na alikuwa amesoma mahali kwamba spiriti, ikiwa kali ya kutosha, huungua bila kuipasha injini joto kali, na huiruhusu ibane hewa na mafuta zaidi kuliko petroli inavyoweza kustahimili. Alimwahidi Revelian ufundi mkuu katika karakana ileile. Kuhusu gongo, ambayo mwaka uliotangulia ilimweka Felicitas rumande miezi mitatu, alisema hakuna wasiwasi: ikishaingia kwenye tangi la gari haiitwi gongo. Askari yuleyule aliyemkamata ndiye aliyeletwa kulinda mapipa, naye kila asubuhi alimwamkia shikamoo.

Revelian alikichonga kichwa cha injini, akayapanua matundu ya kabureta kwa kuwa spiriti hutumika kwa wingi kuliko petroli, akaibadilisha mipira yote ambayo ingeliwa na spiriti hiyo. Felicitas, aliyejifunza kupika kwa mama yake kule Bukoba, akawa anakipika upya kilichokwisha kupikwa.

Kipimo kilipofika sitini, nyayo za Felicitas ziliacha kusikika. Kilipofika sabini na tano, kitanda kiliacha kulalamika alipokikalia, na upepo wa mchana ulimsogeza hatua mbili hadi ukutani. Kilipofika themanini na tano, jirani yao Tabu alikuja kuazima mchi, akasimama akimtazama.

"Shoga, mbona naiona sufuria iliyo nyuma yako?"

"Ni huu moto, Tabu."

"Basi ukae mbali nao, mwenzangu. Na ukivuka barabara ya Kilwa upige kelele. Madereva wa siku hizi hawamwoni mtu mnene, sembuse wewe. Haya, mchi uko wapi?"

Felicitas alicheka. Revelian aliandika themanini na tano ukutani, kwa chaki.

Ijumaa kipimo kilisoma tisini na tano. Felicitas hakuonekana tena, lakini kivuli chake kilikuwepo kizima, chenye kilemba na viwiko vilivyochongoka, kikichochea kuni. Sauti yake pia ilikuwepo. Revelian alimweleza Bwana Kasiani kwamba hapo ndipo mwisho: sehemu tano za maji zilizobaki zimeshikamana na spiriti, na moto peke yake hauwezi kuzitoa. Bwana Kasiani alileta gunia la chokaa iliyochomwa, ambayo ilikuwa haijaguswa na maji.

"Hii itayanywa yote," alisema. "Nataka tisini na nane, fundi."

Alipoondoka, kivuli kiliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Baba Koku," sauti ya Felicitas ilisema, "hizo tano niachie. Ndizo nilizobaki nazo."

"Ni mara hii moja tu, Mama Koku. Nikishaipata kazi..."

"Kazi ndiyo unayoitaka?"

Revelian alilivuta gunia karibu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ametengeneza malori yanayokohoa; hakuwahi kusikia injini ya mikono yake ikiimba. Alikuwa mtu mkweli, na alijua kwamba kazi ilikuwa sababu ya pili. Akalifungua gunia.

Chokaa ilipoanza kutokota ndani ya pipa, kivuli kilififia kuanzia miguuni. Cha mwisho kutoweka kilikuwa mkono, ukiwa bado umeshika mwiko. Kipimo kilisoma tisini na nane.

Jumapili Datsun iliwaacha wenzake tangu mteremko wa kwanza. Haikutoa moshi. Ilitoa harufu ya ndizi mbivu, na kila injini ilipovuka mizunguko elfu saba, ekzosi iliuliza kwa sauti ya mwanamke, wazi kabisa, "Baba Koku, umekula?" Msimamizi wa mashindano alizipitia kanuni, hakuona kifungu kinachokataza gari kuuliza, akaandika kwenye fomu: "Lina sauti ya ziada." Watu walipiga makofi. Revelian, aliyesimama kwenye kona ya tatu na kofia mkononi, alijibu kila mara, "Bado," lakini gari lilikuwa limeshapita.

Bwana Kasiani alipewa kikombe. Kuhusu karakana, alisema watazungumza.

Pipa lililobaki Bwana Kasiani alilifungia karakanani. Revelian alipata lita mbili tu, alizozikamua kutoka kwenye tangi la Datsun. Spiriti kavu namna ile huvuta maji kutoka hewani, na hewa ya Mbagala wakati wa masika ina maji ya kutosha. Aliimimina katika sufuria ya Felicitas, akaiacha wazi chini ya upenu, akaketi kando yake. Jumatano kipimo kilisoma tisini na saba. Jumamosi, tisini na sita. Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, kilisoma tisini na tano, na kivuli kilikuwa kimeketi mahali pake juu ya ndoo, kimeinamisha kichwa kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Hakikuwa na sauti. Sauti ilibaki kwenye gari. Revelian alikadiria kwamba sufuria ikiachwa kama ilivyo, mwili ungerudi kabla ya Pentekoste, uzito mwezi Juni, na nyayo kabla binti yao Koku, aliyekuwa akisoma kwa bibi yake huko Bukoba, hajafunga shule. Alikimiminia kivuli chai. Alimwomba Tabu asitwange karibu.

Saa sita mchana Datsun ilisimama mlangoni. Bwana Kasiani aliingia uani, nyuma yake dereva akiburuta magunia mawili ya chokaa.

"Mbio za Iringa, mwezi ujao," alisema. "Tukishatoka huko, tutazungumza kuhusu karakana."

"Hakuna mpishi, mzee," Revelian alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumnyima kitu.

Bwana Kasiani alitazama mafiga, akatazama ukuta, pale kilipoegemea kivuli.

"Si huyo hapo?"

Dereva alirudi garini kuigeuza Datsun, akakanyaga mafuta kwa nguvu, na ekzosi ikauliza kama Baba Koku amekula. Kivuli kiliinua kichwa kuisikiliza sauti yake. Kisha kikasimama, kikakaza kanga kiunoni, kikaanza kupanga kuni.