Benchi la Waliozuiliwa Meza

Mchungaji Damari Chilewa anasinzia kwenye sakristia, chumba cha mavazi kando ya madhabahu, kanzu nyeupe mwilini na stola shingoni, maana tangu asubuhi amesubiri waumini na hata mmoja hajatokea, na Askofu amekwisha kutamka kwamba Jumapili hii ikipita bila Ushirika Mtakatifu kanisa litafungwa. Mkate upo madhabahuni, divai ipo. Lakini utaratibu wa Kianglikana hauna mchezo: mchungaji haadhimishi peke yake, lazima awepo angalau mtu mmoja wa kumjibu. Kichwa kinainama, kope zinagusana, na mlango wa kuingilia kanisani unafunguka barabarani.

Barabara haina mwisho, makanisa yamejipanga pande zote mbili, na kila moja ni kanisa lake yeye, bati lile lile lenye kutu, ya kushoto yakiyatazama ya kulia kama mtu na kioo chake. Mbele yake anatembea mzee wa kanisa ndani ya suti iliyopigwa pasi, ila penye uso pana ngozi tupu. Damari anaogopa, lakini anaogopa zaidi kukosa mtu, basi anamfuata. Baba, nitampata wapi wa kunijibu? Yule anasema bila mdomo, Unayemtafuta hakupotea, aliwekwa. Aliwekwa wapi? Ulipomweka. Majibu gani haya, jamani! Damari anaingia kanisa la kwanza, ananyoosha mikono, Bwana awe nanyi, na sauti yake inamrudia kutoka kwenye bati; anaingia la pili, la pili linageuka kuwa la kwanza, popo tu darini, anatoka na kujikuta anaingia tena, na spika za mahema ya walokole wa jirani zinavuma huko anakodhani watu wake wamekimbilia, na amechoka mpaka kwenye mifupa, anatamani kulia na analia.

Machozi yanapokauka anaona kwamba kila kanisa lina benchi la nyuma, lile la waliozuiliwa Meza ya Bwana, wasiopewa Ushirika, na benchi hilo linarefuka, linatoboa ukuta, linaifuata barabara hadi upeo wa macho. Wamekaa hapo wote aliowazuia yeye mwenyewe: walioishi pamoja bila ndoa ya kanisani, wake wa pili, mabinti waliozalia nyumbani bila kuolewa. Aliye karibu ni Tabitha, binti yake wa kumzaa, ambaye yeye mwenyewe alimtangaza mbele ya kanisa zima kuwa amezuiliwa, bila kupepesa macho. Mtoto yuko mgongoni. Kila Jumapili nilikujibu, mama, anasema Tabitha, ila wewe uliwasikiliza wa mbele tu. Nimekosa, mwanangu, njoo, njooni wote! Damari anamega mkate, anamnyooshea, Tabitha naye ananyoosha mkono, na barabara inavutika katikati yao, mikono haifikiani. Mzee asiye na uso anamuuliza, Ulimfukuza ukiwa macho, utamrudishaje ukiwa usingizini?

Damari anazinduka. Anafungua mlango na kanisa liko pale pale, moja tu, lenye joto na vumbi. Bwana awe nanyi, anaita. Awe nawe pia, mwanamke anajibu kutoka benchi la nyuma, taratibu, na mtoto anakohoa. Damari anauacha mkate madhabahuni, anateremka akikimbia, Tabitha, Tabitha, na kanisa hili dogo, ambalo siku zote hulivuka kwa hatua chache, leo halimaliziki.