Vidole vya Brayan

"Nano ni ya wavivu," Mwalimu Melkizedek wa darasa la kompyuta alisema tena jioni ile, mkono mfukoni. "Fundi wa kweli anatumia vim. Mtihani wa leo ni vim, hakuna mjadala."

Anitha alimpakata vizuri Brayan, mwanawe wa miezi kumi, akauma mdomo. Mtihani huu haukuwa wa cheti tu. Kamati ya tahadhari ya mafuriko ya Kilosa ilitafuta mtu wa kutunza kimashine kilichofungwa kando ya mto kule Tindiga, kile kinachopima maji na kuwatumia wakulima ujumbe wa simu mto ukijaa. Kimashine hakina kioo wala kipanya. Unaingia humo kwa mbali, kwa mtandao wa kujikongoja, unaona maandishi matupu kwenye weusi, basi. Kwa hiyo ilitakiwa programu nyepesi ya kuhariri maandishi, na zote mbili, nano na vim, zilikuwa nyepesi. Ila nano Anitha aliimudu kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto, na vitufe vya kuhifadhi na kutoka vimeandikwa pale pale chini. Kazi ya kufanyia nyumbani, hapa hapa Mikumi, bila kumwacha mtoto! Angeipata wapi nyingine?

Akafungua faili la kimashine kwa vim kama alivyoamriwa, abadilishe kimo cha maji cha kutolea tahadhari. Alikuwa bado anautafuta mstari wa kimo cha maji mlango ulipofunguliwa, akaingia Bi Selestina, mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima wa Masanze. Darasa zima likasimama. Anitha naye akasimama, mtoto kiunoni, akaupokea mkono alionyoosha mama huyo na kuinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

Mjukuu alikuwa kazini. Alijinyoosha kutoka kiunoni akaitwanga kibodi kwa viganja viwili, na kwa kuwa kwenye vim kila herufi huwa amri, mistari ikaanza kutoweka, mmoja baada ya mwingine.

"Jamani, Brayan kafuta mto wote!" Mudi, mwanafunzi mwenzake, akapiga kelele nyuma. "Kilosa imekauka!"

Anitha akagonga hiki na kile, mambo yakazidi kuharibika. Melkizedek akaja, akabonyeza kitufe kimoja mara kadhaa, kila kitu kikarudi.

"Umeona? Rahisi. Ila wewe umeshindwa. Hapa si kliniki ya watoto."

Hapo moyo wa Anitha ulichemka. Wiki nzima alikuwa amemeza maneno ya mwalimu, leo hayakumezeka.

"Nimeshindwa nini, mwalimu? Wewe mwenyewe umetufundisha tusimame mkubwa akiingia. Ulitaka nimwamkie mama huyu nimekaa, macho kwenye kompyuta?"

"Ungetoka kwanza kwenye vim."

"Ungeniachia nano, haya yasingetokea. Mama amenyoosha mkono, mimi nabonyeza vitufe vya kutokea? Nyumbani kwetu ningepigwa!"

Darasa likaangua kicheko. Bi Selestina hakucheka. Alivuta kiti.

"Mimi haya siyajui. Hiyo nyingine, mtoto akiigusa inakuwaje?"

"Anaandika herufi, mama. Unaziona, unazifuta."

"Na hii?"

"Hii inamtii," Anitha akasema. "Inamtii kuliko inavyonitii mimi."

"Maji yalipoingia kwetu, nilikuwa na mjukuu mgongoni," Bi Selestina akasema taratibu. "Hayakungoja nimlaze. Mwalimu, mpe hiyo anayoitaka."

Melkizedek akashusha pumzi. "Haya. Lakini ukikosea, sitaki kesi."

Anitha akaketi, akafungua nano. Brayan, ambaye hakuwa amemaliza, akatandika kibodi tena. Safu ya j na k ikajipanga kwenye kioo. Mama yake akazifuta, akabadilisha kimo cha maji, akahifadhi, akatoka, kisha akakiagiza kimashine kitume ujumbe wa majaribio. Wakangoja. Mtandao ulijikongoja kama kawaida yake.

Kitu kikalia kwenye pindo la kanga ya Bi Selestina. Akafungua fundo, akaishika simu mbali na macho, akasoma kwa sauti: "Jaribio. Mto uko salama."

"Sawa, umefaulu," Melkizedek akasema. "Ila vim bado ni bora."

"Kwako, mwalimu," Anitha akajibu, uso bado unawaka, akiifuta kibodi mate kwa ncha ya kitenge.

Bi Selestina akafunga fundo lake. "Jumatatu uje Kilosa, tukukabidhi kazi. Na huyo fundi wako umlete."