Majalada Kumi na Mawili

Mshona vitabu aliondoa matofali moja moja, akatazama kazi aliyoilaza chini yake tangu jana. Majalada yote kumi na mawili yalikuwa yamejikunja.

"Wifi, hivi ni vitabu au mitumbwi?" aliuliza dada wa mumewe, aliyeshona pamoja naye.

"Usinichekeshe, nitalia."

Yalikuwa madaftari ya zahanati, ya kuandikia watoto wanaozaliwa. Mganga alisema wazi: yafike leo kabla ya saa kumi, la sivyo kazi inarudi kwa mwenye mashine ya kujalidi, aliyeifanya zamani. Kurasa hazikuwa na kasoro. Walizishona wiki mbili kwa uzi uliopakwa nta. Tatizo lilikuwa kadibodi. Kadibodi ina mkondo, kama ubao: ukiipinda, hukubali upande mmoja na kugoma mwingine. Ikikatwa kinyume, gundi ikikauka huvuta jalada zima. Siku zote aliipinda dukani kabla ya kununua. Safari hii alikuta mabunda yamefungwa kwa nailoni, bei imepanda, na tangazo ukutani: USIFUNGUE. Nyumbani, kwa haraka, hakupinda hata kipande kimoja. Hilo lilikuwa kosa lake, wala hakulikana.

Kama angebandika mapya kufikia saa sita, yangewahi kukauka.

Alifika dukani saa nne. Foleni ilimfikisha mezani saa sita kasorobo.

"Kaka," alimwambia mwenye duka, akiweka mezani vipande vilivyobaki, "sidai pesa. Nibadilishie tu. Hizi zimekatwa kinyume."

"Kadibodi ni kadibodi, mama. Kinyume cha nini?"

"Fungua bunda jingine nikuoneshe."

"Ukifungua, umenunua."

"Sasa nitajuaje mkondo kabla sijafungua?"

"Ndiyo utaratibu. Zinatoka hivyo kwa msambazaji. Hata mimi sijui ndani kuna nini."

Alisema kweli, na ukweli huo ndio uliomkera zaidi. Afadhali angedanganya.

Mshona vitabu akashusha bunda kutoka rafuni, akachana nailoni. Akapinda kipande. Kiligoma. Cha pili kikagoma. Akashusha bunda jingine.

"We mama! Una wazimu?"

"Unatafuta nini humo?" aliuliza mwalimu mmoja kwenye foleni, amekumbatia mabunda matatu.

"Shika hapa, mwalimu. Pinda. Haya, igeuze. Umesikia inavyogoma? Ilipaswa kukubali upande huu mrefu."

Mwalimu alipinda, akageuza, akapinda tena. "Eh! Kumbe ni masalio yaliyokatwa ovyo, na tunauziwa kwa bei ya mzigo mpya!"

Bunda la tatu nalo lilikuwa vilevile. Mlinzi akaja, akamshika kiwiko kwa upole.

"Twende nje, mama yangu. Tusifikishane mbali."

"Saa ngapi sasa?"

"Sita na robo."

Muda wa kubandika ulikuwa umeshapita. Alikung'uta vumbi la kadibodi mikononi, akajiachia aongozwe hadi mlangoni.

"Mwalimu, weka chini!" mwenye duka alipiga kelele. "Na wewe! Nimesema msifungue!"

Nyuma ya mshona vitabu, kwenye foleni, nailoni ilichanika; kisha nyingine, na nyingine.