Ukurasa wa Nyumbani

Jumanne asubuhi Agripina alikuwa amechuchumaa uani akiwamwagia kuku pumba za uwele, na mume wake Elisha alikuwa ndani amelala, kwa sababu alikuwa kazini.

Kazi hiyo ilikuwa mpya. Zamani Elisha aliuza mbegu na dawa za mifugo katika duka la mtu pale Ilongero. Duka lilipofungwa alikaa nyumbani akitazama simu, kisha akauza dume la ng'ombe akanunua kompyuta. Dume lilitoka kwa miguu yake minne, kompyuta ikaja kwapani. Akajiunga na kundi la WhatsApp la mtu aitwaye Mwalimu Gasto, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, aliyefundisha watu wasiojua lolote kutengeneza tovuti yao ya kwanza na kujipatia kipato. Gasto alisema uzuri wa tovuti ni kwamba inakuingizia pesa hata ukiwa umelala. Elisha alikuwa mwanafunzi mtiifu. Tovuti ilipokamilika, akalala.

Mwalimu aliwaambia waandike wanachokijua. Elisha alipekua kichwani mwake akakuta hakijai ukurasa, hivyo akaandika anachokijua mke wake. Alisimama kwenye dirisha la jiko na simu mkononi akiuliza kuku akizubaa mabawa yameshuka anapewa nini, na mayai ya kuatamisha yanachaguliwaje. Agripina alijibu huku akisonga ugali, maana swali likiulizwa hujibiwa. Tovuti ikaitwa Kuku wa Baba Flora. Juu kabisa kulikuwa na picha ya Elisha amevaa koti la harusi, ameshika jogoo wa Agripina kwa miguu, kichwa chini. Katika jambo hili zima, aliyeonekana kushangaa ni jogoo peke yake.

Pale penye ukurasa wa nyumbani, Gasto aliwataka wanafunzi waweke maneno mafupi ya kukaribisha. Elisha alizaliwa Ilongero na kulelewa Ilongero, akaandika kama alivyofunzwa na mama yake: "Karibuni nyumbani. Msisumbuke kubisha hodi, mlango uko wazi. Mgeni wetu haondoki na njaa." Kwingine maneno ya namna hiyo ni pambo. Ilongero ni ahadi, na ahadi hiyo haimwangukii aliyeitoa. Inamwangukia mwenye jiko.

Ndiyo maana Jumanne hiyo, pumba hazijaisha kwenye ungo, mgeni wa kwanza aliingia uani. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mwanga wa bluu usoni, unaotoka chini kwenda juu, kama mtu anayesoma simu gizani, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Alimtazama jogoo, akatazama banda, akamtazama Agripina kwa muda wa mtu kupiga chafya, akatoweka. Agripina alimalizia pumba zake. Kutoweka hakukumkera. Kilichomkera ni kwamba hakusalimia.

Elisha alipoamka alifungua kompyuta akakuta chini ya ukurasa pameandikwa mgeni mmoja. Alimwonyesha mke wake.

"Nimemwona," alisema Agripina. "Hana adabu."

Siku zilizofuata walikuja wengi. Wengine walikuwa wamevaa makoti mazito ya nchi za baridi, wengine kandambili za Arusha. Mmoja hakuwa na uso kabisa. Alipita kila mahali, akagusa kila kitu, stoo, choo, chini ya kitanda, masufuria moja moja, akaondoka hata maji hajaonja. Elisha alieleza kwamba huyo ametumwa na mtandao kukagua nyumba, na kwamba ni heshima. Agripina alirudisha masufuria mahali pake.

Wengi waliondoka haraka. Waliobaki walikaa kwenye mabenchi na kusubiri, kwa kuwa waliahidiwa hawataondoka na njaa. Siku ya kwanza Agripina aliwapa ugali na mlenda. Waliutazama mlenda, wakainuka wote kwa pamoja wakatoweka. Jioni Elisha alimwonyesha kwenye kompyuta mstari uliokuwa umeporomoka kama mtu aliyekosea ngazi.

"Unanishushia wageni, Mama Flora."

Kesho yake aliamka mapema kuliko kawaida na kisu mkononi. Kuchinja ni kazi ya mwanaume, hakuna mtu katika ukoo wake ambaye angesema Elisha hafanyi kazi ya mwanaume. Alichinja kuku wawili akarudi kulala. Kuku aliyechinjwa lazima apikwe. Agripina akapika.

Sahani zilipowekwa mezani, wageni waliinamia nyama, mwanga wa nyuso zao ukaangukia mchuzi, wakakaa hivyo kwa utulivu mkubwa. Kisha kila mmoja akasema neno lile lile, "Nimependa," wakaenda zao. Hakuna aliyegusa hata paja. Elisha alitoka, akaona chakula cha watu wazima kimekaa tu kinapoa, akasema kisiharibike. Alianza na firigisi, ambayo tangu enzi ni ya baba wa nyumba. Agripina alikuwa na miaka hamsini na mbili, amefuga kuku tangu hajajua kusuka nywele, na ladha ya firigisi alikuwa akiisikia kwa watu.

Ikawa hivyo kila siku. Wageni walitazama, Elisha alikula. Mkanda wake ulihama tundu, kisha ukahama tena.

Sasa, kuku wale hawakuwa kuku wa kuokota. Mbegu yao ilitoka Mungaa kwa mama yake Agripina, wale wasio na manyoya shingoni, wanaoitwa vishingo, ambao ugonjwa wa kideri ukipita kijijini wao hubaki wamesimama. Alipewa watetea wawili siku alipoolewa. Aliposoma stashahada yake ya maendeleo ya jamii, mayai yao yalimsomesha. Na mwaka huu alikuwa ameshawatengea kazi. Binti yao Flora, aliyeolewa Kiomboi, alikuwa na mimba ya kwanza, imeshafika miezi yake. Mama wa mzazi huenda na kuku, ili binti anywe supu, arudishe damu na maziwa yashuke. Mama anayekwenda mikono mitupu huulizwa kwa upole na wakwe kama safari ilikuwa nzuri, na upole huo mtu hausahau. Agripina alichagua watetea sita wazuri akawafunga kila mmoja kitambaa chekundu mguuni.

"Wenye kitambaa ni wa Flora," alimwambia Elisha.

"Mimi ni baba yake," alisema Elisha, kama kwamba hilo lilikuwa jibu.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Idrissa, alikuja kuuliza habari za wageni wasioripoti. Agripina alimwamkia, akamwekea kiti kwa kumhamisha Mkanada mmoja. Mwenyekiti aliwatazama wageni mmoja baada ya mwingine, akauliza kama kuna mwenye kitambulisho. Wageni wakaendelea kuitazama nyama. Akauliza wamefuata nini. Elisha akajibu kwamba hawa ndio uchumi wa kisasa. Mwenyekiti alisema kama ni uchumi basi si kazi ya kitongoji, ni kazi ya kata, akala paja lililokuwa mbele ya Mkanada, akashukuru, akaaga.

Baada ya hapo yakaja matangazo. Gasto alifundisha kwamba tovuti bila matangazo ni kama ng'ombe asiyekamuliwa. Elisha akayakubali yote. Yaliota usiku kama magugu, na kulipokucha Agripina alikuta tangazo la viatu vya kike limesimama mbele ya mtungi wa maji, refu kumpita yeye. Lilikuwa na alama ya kulifungia, ndogo kama punje ya uwele, juu pembeni. Alipanda kigoda akaibonyeza, likaanguka, nyuma yake likasimama jingine la mkopo wa haraka. Akajifunza kuamka mapema zaidi ili awahi kuyafunga kabla ya kuwasha moto. Pesa za matangazo zilikuwa zikionekana kwenye kompyuta na hazitoki, kama asali iliyo ndani ya chupa isiyo na mdomo. Zingetoka zikifika kiwango, na kiwango kilikuwa mbele kidogo. Wakati huo huo Gasto alifungua darasa la ngazi ya pili, na Elisha akauza baiskeli akalipia. Kwa hiyo mwalimu hakuwa mwongo. Elisha akilala, pesa iliingia. Iliingia kwa Gasto.

Kulikuwa na mgeni mmoja ambaye Elisha alimpenda kuliko wote. Mzee wa kizungu mwenye kofia ya sufu, aliyekaa kwenye benchi la mlangoni asiinuke. Mchana alikuwepo, usiku alikuwepo. Kuku walianza kulala begani kwake. Elisha alisema mgeni anayekaa ndiye mgeni, na kwamba huyu peke yake amepandisha wastani wa muda wa kukaa wa nyumba nzima. Agripina alimhesabia siku mbili kama mila inavyotaka, siku ya tatu akamletea jembe. Alimsogezea mpini mkononi. Jembe lilipita katikati ya vidole kama linapita kwenye moshi, likaanguka chini. Mzee aliliangalia pale lilipoanguka.

"Nimependa," alisema.

Agripina aliokota jembe lake. Hapo alielewa kwamba wageni hawa hata ukiwapa hawapokei, na hata wakipenda hawabebi. Baadaye ilijulikana kwamba mzee alifungua ukurasa huko kwao akasahau kuufunga. Alhamisi mchana mtu alimzimia kompyuta, na benchi likabaki tupu, na kuku waliokuwa begani wakaanguka.

Bila mzee wa kofia mstari wa kwenye kompyuta uliporomoka. Gasto aliwaandikia wanafunzi wote kwamba mgeni hurudi pale tu anapoona kitu kipya. Elisha alitafakari uani kwa muda mrefu. Jioni Agripina aliporudi kutoka shamba la alizeti alikuta vitambaa vyekundu vitano vimening'inizwa kwenye msumari, vimefuliwa.

"Nimekuachia mmoja," alisema Elisha. "Nimeona ni vizuri."

Agripina hakugomba. Aliwahi kugomba miaka ya nyuma akagundua kwamba ugomvi wa nyumba ile hupikwa na yeye, na vyombo vyake huoshwa na yeye. Alimchukua mtetea aliyebaki akamfunika kwa tenga chumbani, upande wake wa kitanda, akaweka tofali juu.

Jumapili alfajiri simu ilitoka Kiomboi. Mume wa Flora alisema amejifungua salama hospitalini, mtoto wa kike, na kwamba mzazi anaulizia mama. Aliuliza pia, kwa heshima, kama mama atakuja na mzigo ili wajue wampokee vipi. Agripina alisema atakuja na basi la mchana. Alivaa, akaenda kwa jirani kuazima kikapu chenye mfuniko, kwa sababu kuku wa uzazi habebwi kwapani kama kompyuta. Alichelewa kidogo, maana jirani naye alikuwa na la kusema.

Aliporudi, manyoya yalikuwa uani. Tofali lilikuwa limewekwa pembeni kwa uangalifu.

"Walikuja wawili kutoka Mwanza," alisema Elisha, akifuta kisu. "Nimewaahidi, Mama Flora. Imeandikwa. Unataka niitwe mwongo dunia nzima?"

"Na Flora?"

"Flora ni mtu wa nyumbani. Ataelewa." Akapiga mwayo akaingia kazini.

Wale wawili wa Mwanza walikuwa wameshatoweka. Agripina alisimama na kikapu cha watu mkononi. Kisha akaona kwamba kuku harudi, na supu inaweza kuwekwa kwenye chupa ya chai ikafika ya moto. Akawasha kuni. Alimchemsha mtetea wa Mungaa polepole na chumvi tupu, kama inavyotakiwa kwa mzazi, akaipua, akawa anatafuta mfuniko wa chupa nyuma ya tangazo la magodoro pale mtu mwingine aliposimama mlangoni.

Alikuwa amejifunga khanga ya hospitali kifuani. Uso ulikuwa na mwanga wa bluu na umechoka. Kifuani alikuwa na mtoto mdogo, mwekundu bado, amefumba ngumi. Agripina hakuwa na haja ya kuuliza. Flora, kitandani Kiomboi, alikuwa na kifurushi kidogo cha intaneti kilichobaki, akaamua kupita nyumbani.

"Karibu mwanangu," alisema Agripina. Alikuwa wa kwanza katika wageni wote kukaribishwa kwa mdomo.

Flora alitazama banda tupu. Alitazama ule msumari wenye vitambaa, akavihesabu. Agripina alimimina supu kwenye bakuli, akaweka firigisi juu kabisa, akaenda nayo hadi mlangoni. Alijua. Alishaliona jembe. Hata hivyo aliinua bakuli hadi kwenye midomo ya binti yake akalishika hapo, na mvuke ulipita katikati ya uso wa Flora ukaenda zake. Mkono wa pili aliupeleka kwa mtoto, ukafika upande wa pili bila kugusa kitu.

Flora aliangalia supu, kisha akamwangalia mama yake. Midomo ilihangaika kama inatafuta maneno mengine, lakini wageni walikuwa wamepewa neno moja tu.

"Nimependa," alisema.

Agripina aliendelea kushika bakuli. Flora hakutoweka haraka kama wengine. Alikaa hadi mwanga wa uso wake ulipopungua, ukawaka kidogo, ukazimika, na mlangoni pakabaki mlango.

Barabarani basi la Kiomboi lilipiga honi mara mbili na kuondoka. Elisha aliamshwa na honi hiyo. Alitoka akijikuna tumbo, akaketi kwenye benchi.

"Wameingia wangapi?"

"Mmoja."

"Alikaa?"

"Alikaa mpaka kifurushi kikamwishia."

Elisha alitikisa kichwa kwa kuridhika. Huyo ndiye mgeni ambaye mwalimu alikuwa akimsema siku zote. Kisha akaliona bakuli mikononi mwa mke wake, supu imeshaanza kuganda pembeni, akalipokea kwa mikono miwili ili isiharibike. Alianza na firigisi.