Rigobert kwenye Robine ya Bustani

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha makaa, Mama Germaine aliteka ndoo ya kwanza na kuirudisha kisimani. Ilikuwa ya mumewe, Rigobert, aliyekichimba kisima hicho kwa mikono yake na ambaye tangu azikwe alikuwa akiishi humo. Rigobert aliipokea, akakohoa, akauliza habari za watoto. Majirani nao walimsalimu, maana si adabu kuteka maji ya mtu na kuondoka kimya.

Kiangazi hiki ndoo ilirudi na mchanga mkavu. Germaine akaita. Hakuna aliyekohoa.

Ng'ambo ya barabara ya Karavia palikuwa na cité, mtaa mpya, nyumba zote zimepakwa rangi ya maziwa, mali ya bwana mmoja aitwaye Constantin. Forage zake, visima vilivyochimbwa kwa mashine, zilishuka chini kupita kiasi kinachoruhusiwa. Kilichokuwa kifupi ni haya yake.

Siku ya pili akaja Myriam, jirani aliyefua nguo za watu wa huko.

"Mama, papa Rigobert iko kule, mu robine ya bustani. Anauliza nani aliteka leo."

Germaine akavaa kitenge kizuri, akabeba bidon, dumu lake la maji, akaenda. Mlinzi alimwonyesha robine, bomba la bustani. Alipoifungua, Rigobert alikohoa.

"Balinivuta na mashini, Germaine. Sasa banamwanga miye ku pelouse, ku majani yabo, asubui na mangaribi."

Germaine akaanza kumjaza kwenye bidon. Constantin akatoka na kandambili zake, tumbo mbele.

"Muzee abakie tu, hana matata. Lakini mayi ya cité haitoke inje. Njo règlement."

Mtu huyo alitamka neno règlement, yaani kanuni, bila kucheka. Wiki hiyohiyo akamleta Gauthier, mkaguzi wa maji, kijana wa tai na kiburi, aliyekunywa soda baridi kandokando ya forage zile na asizione. Macho yalimfunguka alipovuka barabara.

"Mama, kisima yako iko karibu sana na forage ya bwana Constantin. Unamuharibia mayi."

"Kisima yangu njo ilianza. Ya yake ilikuya nyuma."

"Ile haiko mu règlement."

Akaamuru kisima kikavu kifukiwe, kikafukiwa. Hata koleo lilikuwa la Germaine.

Tangu hapo maji yanatoka mtoni, mbali, kichwani. Lakini ndoo ya kwanza ni ya Rigobert, na Germaine si mtu wa kuacha desturi. Kila asubuhi anavuka barabara nayo na kuimwaga chini ya robine.

Constantin alimwona, akamwambia mlinzi asimzuie kamwe. Kisha akamwelekeza Germaine kwa kidole kwenye kona ambako majani yalikuwa yameanza kukauka.

"Mwangia pale, mama."

Germaine akamwaga pale. Rigobert akakohoa, akauliza habari za watoto.

"Beko mu njia," akamjibu. "Balienda kuteka mayi."