Sehewa Hana Kibofu

Mabaharia walimwita mpwa wa nahodha Masikio, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusikiliza samaki. Mashine inatuma sauti majini, sauti inagonga samaki, inarudi na kuchora madoa kwenye skrini. Nahodha, mjomba wake, alimjivunia kila bandari mpaka watu wakachoka.

Tatizo lilikuwa vidoa hafifu. Viliijaza skrini, na mpishi akauliza kama mashine imeshikwa na surua. Wote wakaangua kicheko. Masikio akaona haya, akapunguza usikivu wa mashine mpaka mwangwi hafifu wote ukatoweka. Msomi mzima, anasafisha skrini kama sahani za wageni!

Kesho yake asubuhi ndege walikuwa wakipiga mbizi mbele ya meli, na nahodha akataka wavu ushushwe. Masikio akatazama skrini yake safi, akasema hakuna kitu. Nahodha akawaacha ndege, akamsikiliza mpwa wake.

Meli iliyowafuata ikashusha wavu pale pale, ikapandisha sehewa mpaka staha ikafunikwa.

Masikio akakumbuka vidoa alivyovifuta. Jodari mkubwa ana kibofu cha hewa tumboni, na hewa hiyo ndiyo inayorudisha sauti kwa nguvu. Sehewa ni jodari mdogo asiye na kibofu. Mwangwi wake ni mnong'ono tu. Hayo aliyajua fika, hata kwenye usaili aliyaeleza huku mjomba akitabasamu. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi yenyewe ilikuwa mbali. Akajiambia atasema baada ya chakula.

Chakula kililiwa kwa manung'uniko. Mwenye meli, aliyekuwa akitafuta kisingizio cha kumstaafisha nahodha, akasikia habari za meli ile, akaita kwenye redio, akauliza nani kaacha samaki. Nahodha akajibu mbele ya wote kwamba ni yeye, aliwaona ndege akawapuuza, uzee huo. Akaambiwa wakifika bandarini akabidhi meli.

Masikio akasimama.

"Mjomba hakukosea. Usikivu wa mashine niliupunguza mimi, mlipoicheka."

Mpishi akainamia sufuria yake. Nahodha akarudisha redio mahali pake bila kumtazama mpwa wake.

"Ungeniambia asubuhi, mwanangu, ningekutetea. Sasa umenifanya mwongo mbele ya watu wangu."

Akachukua kofia, akatoka. Masikio akarudi kwenye mashine, akapandisha usikivu. Vidoa vikajaa tena, na safari hii hakuna aliyecheka.