Pua Mpya ya Mzee Isakwisa

Pua ya Mzee Isakwisa wa Ilomba ilikuwa inapiga filimbi. Siyo kukoroma, wala siyo kuhema kwa mafua: filimbi hasa. Akivuta pumzi ilitoa sauti nyembamba, akiishusha ikatoa sauti nene. Ilivunjika kabla ya vita, huko machimbo ya dhahabu ya Lupa, mpini wa gurudumu la kuvutia ndoo ulipomponyoka ukarudi kumpiga usoni. Tangu siku hiyo, akisinzia kidogo tu juu ya shimo, wachimbaji waliokuwa chini walisikia filimbi wakajua ni saa ya kula, wakatupa sururu wakapanda juu, mpaka msimamizi akampiga marufuku kusinzia katika wilaya nzima ya Chunya. Kanisani, mwalimu wa kwaya alimwomba akae benchi la mbele ili sauti ya tatu wapate mahali pa kuanzia. Na mwaka ule wa nzige, filimbi hiyo ndiyo iliyowageuza nzige wakaelekea Rukwa. Lakini ya nzige tuyaache. Walioyaona wengi wamekwisha kufa, na waliobaki ni waongo.

Mwenyewe hakuona la kuchekesha. Mkewe alikuwa amefariki. Mwanawe wa pekee, Gideoni, alikwenda Kopabeliti kuchimba shaba, akamwacha mkewe Tusekile palepale nyumbani. Kwa hiyo waliobaki kwenye boma walikuwa wawili, mzee huku na mkwe kule, katikati ua wa matete. Lakini wawili hao ni kama wangekaa mmoja mlima Loleza na mwingine mlima Rungwe. Kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe. Hamwiti jina, hapiti anapokaa, wakikutana njiani anaingia porini na kujifunika nguo mpaka mzee apite. Mchungaji alikwisha kutangaza kanisani kwamba kusalimiana siyo dhambi. Wanawake wakaitikia amina, wakaenda nyumbani wakaendelea vilevile.

Jioni Tusekile aliweka chakula kizingitini, akapiga makofi kidogo, akaondoka. Mzee akitoka alikuta mvuke. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuuona uso wa mtu anayempikia, wala yeye kuuona wake. Alimjua kwa visigino vinavyokimbia, na kwa sauti akiongea na jirani. Tusekile naye alimjua kwa filimbi. Akiisikia inakuja kwenye migomba, alikuwa na nafasi ya kutosha ya kuinuka na kupotea.

Mzee Isakwisa alitaka mtu wa kula naye. Basi. Hakutaka kingine duniani. Na kwa kuwa mtu mpweke lazima apate wa kumlaumu, yeye aliilaumu pua. Aliona wajane wa kwaya wanavyouma midomo akiinama kusali. Akasema moyoni: pua ikinyooka, na nyumba itapata mtu.

Basi mwaka hamsini na nne, utingo wa basi la Relwe, lile la shirika la reli, akamwambia kwamba kule Iringa, kwenye hospitali moja ya misheni, yuko daktari aliyeshona nyuso za askari wakati wa vita. Mzee akavaa koti lake, akaondoka bila kumuaga mtu, maana wa kumuaga hakuwepo.

Aliyempokea alikuwa muuguzi wa Kihehe, jina lake Tekla, mfupi, mwenye ulimi.

"Kamwene, baba. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Pua ndiyo inayoumwa. Mimi nimeisindikiza."

"Naisikia inavyosalimia. Kaa hapo."

Daktari alikuwa Mzungu mzee, mwenye Kiswahili cha kwenye kitabu. Alimminyaminya pua kwa vidole gumba, akamulika ndani kwa tochi, akatikisa kichwa kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwingine.

"Mfupa umepinda," alisema. "Na ukuta wa katikati una tundu. Upepo unaimba hapo. Mfupa nitaunyoosha, tundu nitaliziba. Lakini niambie kwanza, wewe unatarajia nini?"

"Natarajia inyooke."

"Ikishanyooka?"

Mzee Isakwisa hakuwahi kuulizwa swali hilo.

"Watu," alisema.

Daktari alizima tochi. "Dawa hiyo sina, mzee. Mimi kazi yangu mfupa. Watu utawatafuta mwenyewe."

Tekla ndiye aliyemweleza yatakayokuja, amekaa kwenye kitanda cha jirani, anakunja bandeji.

"Sikiliza vizuri, baba, nisije kulaumiwa. Utachomwa sindano za ganzi. Maumivu hutasikia, ila kinyundo utakisikia. Kitagonga ndani ya kichwa kama mtu anabisha hodi. Usimkaribishe."

"Nikimkaribisha?"

"Daktari atakosea mkono. Halafu tutakujaza vitambaa puani, utapumua kwa mdomo kama samaki. Juu tutaweka plasta ngumu. Macho yatavimba na kuwa meusi kama umepigana na mkeo."

"Mke sina."

"Basi wa jirani. Utalala umeegemea mito, kichwa juu. Kamasi hupengi. Chafya ikija, fungua mdomo itokee huko. Na kioo hupewi."

"Kioo kina kosa gani?"

"Watu wakijitazama mapema wanalia. Plasta ikitoka, pua itakuwa kama kiazi. Usiogope, kiazi siyo pua yako, ni uvimbe tu. Unashuka taratibu. Mwaka mzima unaweza kupita ndipo itulie. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Kiazi, samaki, hodi."

Ikawa vilevile alivyosema. Kinyundo kiligonga, naye hakukaribisha. Macho yakavimba. Akakaa ameegemea mito, anapumua kwa mdomo, huku wagonjwa wenzake wakiletewa chakula na ndugu waliokuwa wakipika kwenye vibanda vya nje. Mchana wodi ilijaa dada, shangazi, na watoto wanaopanda vitandani. Kitandani kwake hakupanda mtu. Tekla akimletea ugali alikaa kidogo, akaitwa, akaenda.

Siku ya kutoa vitambaa, Tekla alishika ncha akavuta, akavuta, akavuta. Mzee Isakwisa aliapa baadaye kwamba kile kitambaa kilifika mlangoni, kikashuka ngazi, kikazunguka kanisa, na mbuzi wa misheni akala nusu yake.

Kisha akavuta pumzi kwa pua. Ikaingia yote, baridi, kama maji ya kijito. Akasubiri sauti. Hakuna. Akaishusha, akasikiliza. Hakuna. Miaka na miaka alikuwa akilala na filimbi ile na kuamka nayo. Sasa alikaa pale kitandani akajiona kama chumbani hamna mtu, hata yeye mwenyewe hayumo.

Kioo kilipoletwa alitazama muda mrefu.

"Nani huyu?"

"Wewe," Tekla alisema.

"Simjui. Lakini anaonekana mtu wa kukaribishwa chakula."

Koti lake la zamani lilikuwa limelowa damu likachomwa. Wakampa jingine kwenye mitumba ya misheni, refu, la kijivu. Akapanda basi akarudi Mbeya, na alasiri moja yenye ukungu akashuka Ilomba, akakata njia ya mkato kwenye mikaratusi.

Mbele yake alisimama mwanamke na mzigo wa kuni miguuni. Aliusikia mguu unakuja, akageuka.

"Baba, samahani. Nitwishe."

Nani anamkatalia mwanamke kumtwisha? Mzee akainama upande mmoja, yeye upande wa pili, wakanyanyua pamoja, uso kwa uso juu ya kuni. Mzigo ukakaa kichwani. Mwanamke akamtazama machoni, akatabasamu.

"Ndaga, baba. Ndaga fijo. Nimesimama hapa mpaka miguu imekufa ganzi."

Ilikuwa sauti ya upande wa pili wa ua. Tusekile.

Filimbi ingekuwepo, saa hiyo mkwe wake angekuwa amekwisha kuruka korongo. Na sauti yake mwenyewe, ile ya puani ambayo Ilomba nzima waliijua, ilibaki kwenye kinyundo cha daktari.

"Unatoka mbali?" Tusekile aliuliza, wakianza kutembea. "Naona uso umevimba."

"Iringa."

"Iringa! Basi hukumwona mzee wetu hospitalini? Utingo wa basi anasema amekwenda kupasuliwa pua."

Mzee alikohoa. "Nilimwona."

"Mzima?"

"Mzima."

"Anakula? Nani anampikia?"

"Kuna muuguzi."

"Muuguzi atajua wapi kwamba anapenda ndizi zisizolainika sana, na maharage yasiwe na mchuzi mwingi? Ukimpelekea laini anarudisha nusu."

Mzee Isakwisa hakujua kwamba yupo mtu duniani anayetazama sahani zake.

"Mimi ni mkwe wake," Tusekile aliendelea. "Uso wake sijauona. Lakini namjua kuliko wanaomwona. Jioni nikitwanga namsikia anahema ng'ambo. Filimbi inapanda, filimbi inashuka. Najua hapa kuna mtu. Mume wangu yuko Kopabeliti, anakuja akikumbuka. Tangu mzee aondoke, boma limenyamaza mpaka nasikia mchwa wanakula nguzo. Sasa wanasema atarudi bila ile sauti. Mimi nitajuaje kama yupo?"

"Labda atakohoa."

"Kukohoa kila mtu anakohoa, baba."

Alijua kila hatua anayopiga na mwanamke huyu ni haramu, na hata hivyo akapunguza mwendo ili njia isiishe. Akamsimulia pua iliyokuwa kiazi, hata mpishi wa hospitali akaja na kisu kuimenya. Tusekile akacheka mpaka kuni zikatikisika, ikabidi azishike kwa mikono miwili. Watu walikuwa wamemcheka maisha yake yote. Wa kucheka naye alikuwa amemsahau.

Walipofika kona ya mwisho, moshi wa boma ukionekana, Tusekile alisimama.

"Karibu nyumbani, baba. Chakula kipo. Mama Damari, jirani yangu, yuko pale ananilindia moto. Tutakula wote."

Hilo ndilo lililompeleka Iringa. Mtu wa kula naye, na si mmoja, wawili.

Lakini Damari alikuwa amesali na mzee kanisa moja tangu ujana. Angemtambua kwa mwendo wake tu. Angepiga kelele, na Tusekile angeaibika palepale: amemtazama mkwe wake machoni, ameshika naye mzigo, amecheka naye njiani. Wanawake wangelisema hilo mpaka azeeke. Akiumwa tumbo, ni hilo. Gideoni asiporudi, ni hilo.

"Nina safari," mzee alisema. "Nafika mjini."

"Hata maji?"

"Hata maji."

"Basi ukimwona tena mzee, mwambie tunamngoja."

"Nitamwambia."

Akageuza. Ukungu ulikuwa mzito, na alipotazama nyuma hakuona ila kuni zinatembea zenyewe.

Alikaa mjini kwa fundi seremala Yotamu siku kadhaa, halafu akarudi Ilomba kama yeye mwenyewe, anakohoa tangu barabarani kama mtu mwenye kifua kikuu. Akasikia mchi umeangushwa, na miguu inakimbia. Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa.

Watu walikuja kuitazama pua kama wanavyokwenda kumtazama ng'ombe mpya. Wajane wa kwaya hawakuuma midomo tena. Mmoja alisema sasa anafanana na karani wa Bomani. Kisha wote wakaenda makwao, na jioni chakula kikawekwa kizingitini, makofi yakalia, miguu ikaondoka. Pua ilikuwa imenyooka, na sahani ilikuwa moja.

Jioni moja alikuwa ameanza kula, ndizi ngumu kidogo na maharage makavu, alipomsikia Tusekile ng'ambo ya ua.

"Mama Damari, nilikueleza habari za yule mgeni wa Iringa aliyenitwisha kuni?"

"Ulinieleza," Damari alijibu kwa sauti ya chini.

"Watu nao wamenieleza pua mpya ya mzee ilivyo. Nyoofu, na bado kuna uvimbe chini ya jicho. Na koti la kijivu, refu."

Mzee Isakwisa alisimamisha mkono hewani.

"Tusekile, mwanangu," Damari alisema, "nyamaza."

"Si nimenyamaza? Mzee simtaji. Nazungumza habari za mgeni. Mgeni ana kosa gani? Nasema hivi, angekuwepo hapa, ningemwambia sikuchukia. Ningemwambia njia ile ilikuwa fupi."

"Punguza sauti."

"Naongea na wewe, mama."

Lakini Damari alikuwa amekaa naye mkeka mmoja, na sauti ile ingemfikia mtu aliyekaa mbali zaidi, nyuma ya matete, mwenye sahani mapajani.

Mzee alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, limefika kwenye meno. Akijibu, hata kwa kukohoa, Tusekile itambidi ainuke, ajifunike, akimbilie ndani, na jioni itakuwa imekwisha. Akaufunga.

Ng'ambo, Tusekile aliendelea kwa sauti ileile: mbuzi amezaa mapacha, mmoja mweupe, mahindi ya kule bondeni yameguswa na baridi, Gideoni kimya. Alieleza kila kitu, taratibu, kama anavyoelezwa mtu aliyekuwa safarini muda mrefu. Mzee Isakwisa akatia tonge mdomoni, akatafuna polepole, bila sauti, asije akapitwa na neno hata moja.